Jino la Muda Lisisahauliwe: Maoni Kuhusu Hatua ya Kati ya Kipandikizi cha Jino

Huduma ya vipandikizi vya meno sasa inapatikana katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, na wagonjwa wengi hufika kliniki wakiwa tayari wameisikia. Mtu aliyepoteza jino kwa ajali ya pikipiki, kwa kuoza au kwa ugonjwa wa fizi anaweza kuwekewa skrubu ndogo ya titaniamu ndani ya mfupa wa taya, kisha juu yake likajengwa jino lisilotofautiana na mengine. Mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa kwa kawaida hugusa mambo mawili: upasuaji wenyewe, na jino la kudumu litakalopatikana mwishoni. Kati ya mambo hayo kuna kipindi cha miezi kadhaa ambacho mgonjwa huishi na jino la muda. Kipindi hicho mara nyingi hupita bila kuelezwa, bila kupangiwa gharama na bila tarehe ya kurudi.

Makala haya yanatetea hoja moja. Jino la muda ni sehemu ya matibabu yenye kazi yake, hatari zake na ratiba yake, na matatizo mengi yanayojitokeza baada ya kuliweka yana chanzo katika maamuzi yaliyofanywa, au yaliyoachwa kufanywa, kabla ya upasuaji. Wahudumu wa afya watapata humu njia za kuyatambua na kuyatatua. Mgonjwa atapata mambo ya kumuuliza daktari wake kabla ya kuketi kwenye kiti cha matibabu.

Kazi ya jino la muda

Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya titaniamu katika taya. Utaratibu uliotokana na kazi yake ulikuwa wa subira. Kipandikizi kilifunikwa chini ya fizi na kuachwa bila kubebeshwa chochote kwa takriban miezi 3 katika taya la chini na miezi 6 katika taya la juu. Mfupa ulihitaji utulivu ili ushikamane na titaniamu moja kwa moja. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu jino la muda linaweza kufungwa juu ya kipandikizi siku ileile ya upasuaji, na mfupa ukapona vizuri. Hatua hiyo ilikuwa neema kwa wagonjwa. Ilileta pia kishawishi cha kumwahidi kila mtu jino la siku moja.

Jino la muda lina kazi tatu. Huziba pengo ili mgonjwa azungumze na kutabasamu bila kuficha mdomo kwa kiganja. Huzuia meno jirani yasiinamie upande wa pengo. Na tena, jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui, huziongoza fizi zipone zikiwa na umbo la kulipokea jino la kudumu. Kutafuna hakumo katika orodha hiyo. Mgonjwa akilielewa hilo tangu mwanzo, nusu ya safari imekwisha.

Wiki ambazo mgonjwa haoni hatari

Siku ya upasuaji kipandikizi hushikwa na mfupa uliopo kama skrubu inavyoshikwa na ubao. Mshiko huo haudumu. Mwili huondoa polepole sehemu ya mfupa uliojeruhiwa na kujenga mfupa mpya mahali pake. Takriban kati ya wiki ya 2 na ya 4, mfupa wa zamani umeanza kuondoka ilhali mpya haujakomaa, kwa hiyo mshiko hupungua kabla ya kupanda tena. Wakati huohuo uvimbe umekwisha, nyuzi zimetolewa na maumivu hayapo. Mgonjwa hujiona amepona, akaanza kulitumia jino. Hujiamini zaidi katika wiki zilezile ambazo kipandikizi kina mshiko hafifu zaidi.

Kiasi cha mtikisiko kinachoweza kuharibu kazi ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Kipandikizi kikitikisika mara kwa mara kupita takriban mikromita 100 hadi 150, yaani unene wa unywele mmoja au miwili, mwili huweza kujenga tishu ya kovu badala ya mfupa. Kipandikizi kilichozungukwa na tishu ya kovu hakiimariki kwa dawa wala kwa kusubiri, hutolewa. Tunapomkataza mgonjwa muhogo wa kuchoma, mahindi ya kuchoma, miwa, korosho na mishikaki kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, tunaulinda mfupa wake. Uji, ugali laini, ndizi za kupika, wali, maharage yaliyoiva vizuri na samaki asiye na miiba humtosha, mradi atafune kwa upande mwingine wa kinywa.

Ahadi isitangulie kipimo

Uamuzi wa kufunga jino la muda juu ya kipandikizi siku ya upasuaji hauwezi kufanywa kwa simu wala kwa kutazama picha ya tabasamu. Hufanywa baada ya kipandikizi kuingia na mshiko wake kupimwa. Kiwango ambacho madaktari wengi hukitumia ni nguvu ya kukaza isiyopungua nyutoni-sentimita 35. Hata kikifikiwa, bado tunajiuliza: je, mfupa ulikuwa mzima au ulihitaji kujazwa? Je, mgonjwa husaga meno usingizini? Anavuta sigara? Kisukari chake kimedhibitiwa? Pengo liko mbele, au liko kwenye magego ambako nguvu ya kutafuna ni kubwa na hakuna anayeliona?

Majibu yakiwa mabaya, zipo njia nyingine zenye heshima. Jino la muda linaweza kugandishwa kwenye meno jirani bila kukigusa kipandikizi. Linaweza kuwekwa ndani ya kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachovaliwa juu ya meno na kuvuliwa wakati wa kula. Linaweza pia kuwa meno bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu kwa bei, lakini yanaweza kukandamiza kidonda kila mgonjwa anapouma. Njia hii ikitumika, upande wa chini unaoelekea kidonda ukatwe ili usikiguse hata mgonjwa anapofunga kinywa kwa nguvu, na meno hayo yavuliwe usiku.

Mgonjwa aelezwe njia zote kabla ya upasuaji na akubali kwamba uamuzi wa mwisho utafuata kipimo. Bibi harusi anayetaka jino kabla ya Jumamosi ana haja ya kweli, na haja hiyo hutimizwa vizuri na jino lililogandishwa kwenye meno jirani. Haitoshi kuwa sababu ya kukitwisha mzigo kipandikizi kisichokuwa tayari.

Matatizo yanayojirudia na namna ya kuyatatua

La kwanza ni mng'ato. Jino la muda lililofungwa juu ya kipandikizi kipya halipaswi kugusana na jino la upande wa pili, si mgonjwa anapofunga kinywa, si anapotelezesha taya mbele au pembeni. Karatasi ya rangi ya kupimia mng'ato itumike katika mielekeo yote, mgonjwa akiwa ameketi wima na ganzi ikiwa imekwisha au imepungua, kwa kuwa mtu mwenye ganzi haumi kama kawaida yake. Kipimo kirudiwe baada ya wiki 1, sababu meno husogea na uvimbe hupungua.

La pili ni skrubu kulegea. Mgonjwa husema jino linacheza au linazunguka. Mwepesi wa mkono hukaza na kumruhusu aende, na baada ya siku 10 mgonjwa amerudi. Skrubu inayolegea mara ya pili ni dalili, na dalili hutafutiwa chanzo. Huenda jino halikukaa mahali pake kwa sababu kipande cha fizi au cha mfupa kilibanwa katikati. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa pembe sahihi itaonyesha uwazi. Huenda jino limebana mno na majirani zake, likaegemea hapo kabla ya kufika chini. Huenda mng'ato umebadilika. Huenda damu au mate yaliingia kwenye tundu la skrubu. Chanzo kikiondolewa, skrubu ikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango alichokitaja mtengenezaji kwa ajili ya jino la muda, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko kile cha jino la kudumu. Baada ya takriban dakika 10 ikazwe tena, kwa kuwa nyuzi za chuma hulegea kidogo zinapokaa mahali pake. Mgonjwa akisikia maumivu, au kipandikizi chenyewe kikizunguka pamoja na skrubu, kazi isimame hapo hapo. Tatizo litakuwa limehamia kwenye mfupa.

La tatu ni saruji ya meno inayobaki chini ya fizi. Jino linapogandishwa kwa saruji, ziada yake hukimbilia kwenye nafasi kati ya fizi na kipandikizi. Ufizi unaozunguka kipandikizi haujashikamana nacho kwa uimara kama unavyoshikamana na jino la asili, hivyo saruji hupenya kwa urahisi na kukaa. Baadaye huja uvimbe, damu, usaha na hatimaye mfupa kuliwa. Saruji nyingine hazionekani kwenye eksirei, basi picha safi isitupe amani ya bure. Kwa maoni yangu, kwenye kidonda kibichi jino la muda lifungwe kwa skrubu pekee. Pale ambapo pembe ya kipandikizi inalazimisha saruji, itumike kidogo sana, ziada itolewe nje ya kinywa kabla ya kulibandika, na ukingo wa jino usizame chini ya fizi kupita mahali ambapo chombo cha kusafishia kinafika.

La nne ni umbo linaloumiza fizi. Jino lililonenepa mno chini ya fizi huzisukuma, zikarudi nyuma na kuacha jino likionekana refu kuliko mwenzake. Lililokonda mno haliitegemezi nyama iliyo kati ya meno, nayo ikashuka na kuacha pembetatu nyeusi. Fizi zikiwa nyeupe mara baada ya kulifunga jino, tusubiri. Rangi ikirejea ndani ya takriban dakika 10 hadi 15, mkandamizo unavumilika. Isiporejea, jino litolewe na kupunguzwa. Nyenzo iongezwe kidogo kidogo kwa ziara kadhaa, kila mara ikisuguliwa hadi ing'are, kwa maana uso wenye vinyweleo hukusanya vijidudu. Akriliki mbichi isiachwe igande juu ya kidonda: maji yake huwasha, na joto linalotoka inapoganda huweza kuudhuru mfupa.

Umbo likishapatikana, lihamishwe kwa fundi wa maabara kama lilivyo. Jino la muda likitolewa, fizi huanza kujikunja ndani ya dakika chache, na fundi anayepokea kipimo cha fizi zilizojikunja atatengeneza jino la kudumu lisilolingana. Hivyo miezi ya subira hupotea katika adhuhuri moja.

La tano ni kuvunjika. Sehemu dhaifu ni pembezoni mwa tundu la skrubu, ambapo akriliki huwa nyembamba, na pale inaposhikana na kiungio cha chuma. Uso wa chuma ukwaruzwe na upakwe kishikishi, unene wa nyenzo usikatwe kupita kiasi ili kupendeza tu, na tundu la skrubu lijazwe utepe wa tefloni chini na kompositi juu, ili siku ya kulifungua tusichimbe kwa kubahatisha. Daktari ahifadhi muhuri wa silikoni wa jino hilo katika jalada la mgonjwa. Likivunjika, jingine litatengenezwa kwa muda mfupi.

Mgonjwa asiyerudi

Yote niliyoyataja yana ufumbuzi kama mgonjwa yuko mbele yetu. Linalonisumbua zaidi ni la mgonjwa asiyerudi. Jino la muda limekaa vizuri, linapendeza, halimuumi. Fedha alizokuwa nazo zimekwisha kwenye upasuaji, na sehemu ya pili ya malipo ni kubwa kama ya kwanza. Kliniki iko safari ya siku nzima kwa basi. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unafuata, na akriliki iliyotengenezwa kuhimili miezi inatumikishwa kwa miaka. Husagika, na jino la upande wa pili hushuka kuifuata. Hunyonya harufu na rangi. Skrubu hulegea taratibu, vijidudu vikapata mlango, na siku moja hukatikia ndani ya kipandikizi, ambako kuitoa ni kazi ngumu kuliko kuiweka.

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa kwa uzembe. Mimi naona lawama nyingi ni zetu. Tulimpa bei ya kipandikizi pekee, tukaiacha bei ya jino la muda, ya ziara za ufuatiliaji na ya jino la kudumu ije baadaye kama deni la ghafla. Mjenzi mwaminifu humwambia mwenye kiwanja gharama ya msingi, kuta na paa kabla ya kuchimba. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mtu asiyeweza kumudu hatua zote kwa sasa apewe nafasi ya kusubiri, au apewe tiba nyingine inayomfaa, yakiwemo meno bandia ya kawaida. Kuishi na meno bandia yaliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko kuishi na kipandikizi kilichoachwa nusu.

Wapo wenzangu wanaojibu kwamba bei kamili humkimbiza mgonjwa, naye ataenda kwa daktari mwingine atakayemwahidi zaidi kwa kidogo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mgonjwa aliyekimbizwa na ukweli anaweza kurudi. Aliyepoteza kipandikizi na mfupa pamoja na akiba yake harudi, na huwaeleza majirani kwamba vipandikizi ni utapeli. Imani ya jamii katika tiba hii bado ni changa kama ule mfupa wa wiki ya tatu. Haifai kubebeshwa mzigo mapema.

Kwa wenzetu wa zahanati na vituo vya afya

Mgonjwa mwenye jino la muda lililolegea hataanza kwa mtaalamu aliye mkoa mwingine. Atakuja kwako, tabibu wa meno, afisa tabibu au muuguzi, uliye karibu naye. Mambo machache yanaweza kukiokoa kipandikizi chake.

Kabla ya kulishika jino lolote linalocheza, muulize kama amewahi kuwekewa kipandikizi. Usiling'oe kwa koleo kwa kudhani ni jino la asili. Kinachocheza huenda ni jino la juu tu, na kipandikizi chini yake ni imara. Usilibandike kwa gundi ya dukani, wala usimruhusu mgonjwa kufanya hivyo. Jino likitoka lenyewe, lisafishwe kwa maji, litiwe katika kichupa safi pamoja na skrubu yake, na mgonjwa awasiliane na daktari wake upesi, kwa sababu fizi zitaanza kujifunga. Dawa za antibiotiki hazikazi skrubu. Zisitolewe pale ambapo hakuna dalili ya maambukizi.

Usaha, uvimbe wa uso, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ganzi ya mdomo wa chini isiyoisha ni sababu za rufaa bila kuchelewa. Mgonjwa aliyemeza jino au skrubu kisha akapata kikohozi au shida ya kupumua apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda kitu hicho kimeingia kwenye njia ya hewa.

Hapo ndipo kikwazo kingine hujitokeza. Vipandikizi hutengenezwa na kampuni nyingi, na bisibisi ya mfumo mmoja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya mwingine. Mgonjwa asiyejua aina ya kipandikizi chake huzunguka kliniki hadi kliniki, kila mmoja akijaribu vifaa alivyonavyo na kuichubua skrubu zaidi. Tatizo hili linaweza kuondolewa kwa karatasi moja. Kila mgonjwa apewe kadi yenye jina la mtengenezaji, aina na ukubwa wa kipandikizi, tarehe kilipowekwa, namna jino la muda lilivyofungwa, tarehe ya mwisho ya kulitumia jino hilo, na namba ya simu ya kliniki. Watoto wetu hupewa kadi ya kliniki tangu wiki za kwanza, na kila muuguzi anajua kuisoma. Mtu mzima mwenye titaniamu ndani ya taya anastahili angalau hivyo.

Ninachopendekeza

Kwa madaktari wenzangu: jino la muda lichorwe katika mpango kabla ya upasuaji, libebe bei yake katika makadirio ya kwanza, lifungwe kulingana na kipimo, na liandikiwe tarehe ya mwisho. Ziara ya wiki 1, ya wiki 4 na ya kila mwezi baada ya hapo zipangwe kabla mgonjwa hajatoka siku ya upasuaji. Kwa anayetoka mbali, ziara baadhi zinaweza kufanyika kwa tabibu wa meno aliye karibu naye, akiwa na kadi ile na maelekezo yetu kwa simu.

Kwa vyuo na vyama vya kitaaluma: mafunzo ya vipandikizi yasiishie kwenye kuchimba mfupa. Kupima mng'ato, kuchonga umbo chini ya fizi na kuisoma skrubu iliyolegea ni ujuzi unaohitaji saa zake darasani na kwenye kiti.

Kwako mgonjwa: kabla ya kukubali kipandikizi, uliza maswali manne. Nitavaa nini wakati mfupa unapona? Litafungwa kwa skrubu au kwa saruji? Gharama yote hadi jino la kudumu ni kiasi gani? Nikipata tatizo nikiwa mbali, nani atanisaidia, na kwa karatasi gani? Daktari mwenye mpango atayajibu yote kwa dakika 10. Asipoweza, subiri kwanza. Pengo halitazidi sana kwa wiki chache za kutafakari. Na kama tayari unalo jino la muda ambalo umelizoea hata ukasahau kwamba ni la muda, piga simu kliniki wiki hii na uombe tarehe ya kulikagua.